Meno ya Mama Kauli

Nta ilikuwa na joto.

Fundi aliigusa tena kwa ncha ya kidole, kisha akaitazama taa ya spiriti aliyoitumia kuilainisha. Taa ilikuwa imezimwa zamani na utambi wake ulikuwa baridi. Yeye mwenyewe alikuwa ametoka chumbani dakika moja tu. Hayo ni maneno yake. Kwa maneno ya dada wa mapokezi, aliyeketi mbele ya saa ya ukutani kutwa nzima, fundi alitoka chai yake ikifuka mvuke na akarudi ikiwa imeota utando. Kwa muda wote huo nta ilipaswa kuwa imeganda, ngumu kama kucha. Badala yake ilikuwa laini, na joto lake halikuwa la moto. Lilikuwa joto la kitu kilichotemwa sasa hivi kutoka kinywani mwa mtu.

Tena juu yake palikuwa na meno mawili ambayo hakukumbuka kuyapanga.

"Haya sasa, uzee umeanza mapema," alijisemea, akacheka peke yake, akavuta stuli akaketi. Stuli nayo ilikuwa na joto.

Alikuwa fundi wa meno bandia, na chumba chake cha kazi kilikuwa nyuma ya kliniki ya daktari wa meno, mwisho wa ukumbi mwembamba. Daktari aling'oa, akachukua umbo la fizi. Kazi iliyobaki ilikuwa ya fundi. Alimwaga plasta akapata mfano wa fizi za mgonjwa, akaufunga kwenye taya la chuma, kidude chenye bawaba kinachofumba na kufumbua kama mdomo, kisha akapanga meno, jino baada ya jino, kwenye nta ya rangi ya waridi. Meno yakishakaa sawa, nta huyeyushwa, plastiki ikaingia mahali pake, ikachemshwa, ikasuguliwa mpaka ing'ae, na mtu akarudi kucheka mbele za watu bila kuziba mdomo. Ni kazi nzuri. Mikono ya fundi huyu iliiweza kuliko mikono yote mjini, hilo hata waliomchukia hawakulikataa.

Shida yake ilikuwa kutulia.

Watu walimwita Dakika, na jina hilo hakupewa bure, alilitolea jasho. Angeweka jino la kwanza, halafu simu ikalia kidogo, akaona video ya mtu asiyemjua akimwogesha mbwa asiyemjua. Kutoka kwa mbwa angehamia kwenye ugomvi wa watu wawili maarufu, kutoka kwenye ugomvi hadi matokeo ya mpira, na matokeo ya mpira huwezi kuyaweka moyoni peke yako, kwa hiyo angetoka kwenda kubishana na mlinzi getini. "Dakika moja, nakuja," angemwambia dada wa mapokezi akipita. Alikuwa hata amesikiliza mashauri ya wataalamu juu ya namna ya kutuliza akili na kumaliza ulichokianza. Aliyasikiliza kazini, saa za kazi, jino likiwa mkononi. Na kwenye rafu iliyokuwa juu ya meza yake vinywa vya watu vilikaa mstari mmoja, kimoja kina meno ya mbele tu, kingine cha upande mmoja, vyote vikisubiri baadaye.

Kinywa kilichosubiri kuliko vyote kilikuwa cha mama yake.

Mama huyo watu walimwita Mama Kauli. Enzi zake ndiye aliyeitwa kwenye nyumba ambayo vyombo vinagongana vyenyewe, au ambamo binti ameamka akizungumza kwa sauti ya kiume. Hakuwa na hirizi wala tunguri, wala hakuchoma kitu. Aliketi mbele ya anayesumbuliwa, akafungua mdomo, akatamka maneno yake moja moja, kila herufi mahali pake, na kilichokuwa ndani kikatoka. Halafu ugonjwa wa fizi ukampokonya meno yote, ya juu na ya chini. Maneno yakaanza kutoka yamelegea, yamejaa upepo, na majini, kama alivyosema mwenyewe, hawatoki kwa maneno yaliyolegea. Watu waliokuja mlangoni walimkuta ameziba mdomo kwa kiganja, akitikisa kichwa. Wakarudi na shida zao.

Mwanawe alimwahidi meno kabla ya mvua. Mvua zikaja, zikaisha. Kila jioni Dakika alipoingia nyumbani, mama yake alimtazama mikononi kwanza, halafu usoni, halafu akageukia dirisha. Jambo hilo lilimuuma. Lilimuuma kweli, na kila lilipomuuma alichukua simu ili asilisikie.

Siku zilizofuata aligundua jambo. Akikaa mezani, kazi haiendi. Akiondoka, inaenda. Angeliacha taya la chuma lenye fizi za mama yake juu ya meza, atoke kwenda kupiga soga, na akirudi angekuta meno yameongezeka, yamekaa kwa unadhifu ambao hata yeye hakuufikia siku zake nzuri. Mtu mwingine angetoka mbio asiangalie nyuma. Dakika, Mungu amsamehe, alifurahi. Alijiambia kwamba huenda anayapanga mwenyewe halafu anasahau, kwa kuwa akili ya binadamu ina mambo mengi. Akaanza kutoka makusudi. Akawa anakaa nje hata pasipo cha kumweka nje, akizungushazungusha simu mkononi, hana raha ya kukaa wala ya kutembea, akisubiri kazi yake ifanyike.

"Fundi," dada wa mapokezi alimnong'oneza mchana mmoja, akimkuta ukumbini ameegemea ukuta, "ndani umemwacha nani?"

"Sijamwacha mtu."

Dada alinyoosha kidole kuelekea mlangoni. "Basi ni nani anayetafuna?"

Wakatega sikio. Kutoka nyuma ya mlango ilikuja sauti ndogo, kavu. Tik. Kimya. Tik. Tik. Lilikuwa taya la chuma likifumba na kufumbua, polepole, kama mtu anayeyajaribu meno mapya. Na chini ya mlango ikatambaa harufu ya majivu yaliyoloweshwa, na ndani ya harufu hiyo harufu nyingine, ya mdomo uliofumbwa kwa muda mrefu mno.

"Ni feni hiyo," Dakika akasema.

"Feni imeharibika tangu mwezi juzi, fundi. Uliahidi kuitengeneza."

Alipopiga moyo konde akasukuma mlango, hapakuwa na mtu. Taya la chuma lilikuwa limefumbuka wazi juu ya meza, na meno yote yalikuwa yamekamilika, safu ya juu na safu ya chini, meupe, mazuri, yamemwelekea yeye. Nywele zilimsisimka. Mkono wake ulikwenda kuchukua nyundo. Lakini alimkumbuka mama yake anavyomtazama mikononi kila jioni, na akawaza kwamba leo, kwa mara ya kwanza, ataingia na kitu. Akaiacha nyundo. Akayeyusha nta, akachemsha plastiki, akasugua. Hata kwenye maji baridi meno yale yalikataa kupoa.

Nyumbani mkewe alikuwa akipakua. Alikuwa mwalimu wa watoto wa darasa la kwanza, na mikono yake ilinuka chaki hata siku za mapumziko. Alipoona kilichofunguliwa kwenye kitambaa alipiga kigelegele ambacho majirani walidhani ni cha harusi. Mama Kauli aliyachukua meno kwa mikono miwili, akageuka ukutani kwa aibu ya kike, akayavaa, akageuka tena.

"Mkwe wangu," alisema, "niletee kioo."

Maneno yalitoka yamenyooka, makavu, kila moja na mpaka wake. Mkewe Dakika alilia na kucheka kwa pamoja. Wakamsogezea kipande cha nyama, nyama ya kweli isiyopondwa, akaing'ata, akaitafuna macho amefumba, akaimeza.

Na kinywa kikaendelea kutafuna.

Mwanzoni walidhani anautafuta utamu uliobaki. Kisha wakaona mikono yake imeshika ukingo wa meza mpaka vidole vimepauka, na macho yake yamefunguka, yanawatazama, yanaomba, huku chini ya macho hayo mdomo ukienda wenyewe, tik, tik, tik, bila kitu ndani yake. Halafu ukasimama. Ukatabasamu.

"Dakika moja," kinywa cha mama kilisema kwa sauti ya mwanawe, sauti ileile ya ukumbini, yenye uvivu na upole. "Dakika moja, nakuja."

Dakika aliganda pale alipo. Mkewe ndiye aliyeruka, akaingiza vidole katika mdomo ule, akaumwa mpaka damu ikatoka, hakuachia, akayang'oa meno ya juu na ya chini akayatupa sakafuni. Yalianguka yameelekeana, yakaanza kugongana yenyewe juu ya sakafu. Akayafunika sufuria. Halafu, kwa kuwa sufuria nayo ilianza kutetemeka, akaikalia.

"Usinitazame hivyo," alimwambia mumewe, akihema. "Mshike mama!"

Yaliyosemwa na Mama Kauli baada ya hapo nayanyoosha mimi, maana yalitoka kwa fizi tupu na yalichukua muda mrefu kueleweka.

"Uliyapanga wewe?" alimuuliza mwanawe.

"Mama, mimi ni..."

"Nakuuliza. Uliyapanga wewe?"

"Nilianza mimi," Dakika alinong'ona.

Mama Kauli alifumba macho. "Yupo jini mmoja asiye na mahali pake," alisema kwa sauti ya chini. "Hukaa palipoachwa. Mtu akiwa kazini na moyo wake umekwenda zake, huyu huja akaketi, na huifanya kazi vizuri ili mwenyewe asirudi. Nilimtoa kwa karani mmoja kabla hujazaliwa. Karani huyo alifikia hali ya kukaa mbele ya wanawe asiwajue. Jini alipotoka aliniapia kwamba siku moja atakaa mahali ambapo hapana wa kumtoa."

"Mahali gani hapo, mama?" mkwe aliuliza, bado yuko juu ya sufuria.

Mama Kauli aligusa midomo yake.

"Basi msomee sasa hivi! Mtoe!" Dakika alisema.

"Kwa kinywa gani, mwanangu?"

Dakika alitamani ardhi ipasuke immeze. Hakukuwa na lawama katika sauti ya mama yake, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Miezi yote ile, kila alipotoka kwenda kutazama mbwa wa watu, ndiye aliyemweka mama yake bila silaha.

"Hayo yavunje," mama alisema. "Anza upya. Jino la kwanza mpaka la mwisho, kwa mkono wako, katika kikao kimoja. Atakuita. Atakulilia. Usiondoke."

"Nikibanwa na haja je?"

"Nenda kabla," mkewe akamjibu.

Mama Kauli alimshika kifundo cha mkono. "Nisikilize vizuri. Hiyo stuli si kitu. Unaweza kukaa juu yake kutwa, na moyo wako uko sokoni. Moyo wako ndicho kiti anachokitaka. Uweke hapo, juu ya jino, mpaka umalize."

Meno yale Dakika aliyaponda kwa nyundo usiku uleule, kisha wakachagua Jumapili, kliniki ikiwa imefungwa. Dakika aliacha simu mikononi mwa mkewe, naye alimpa agano moja. "Kukitokea jambo la kweli huku nyumbani, sitakuita kwa mbali. Nitakuja mpaka ulipo, nikushike bega. Sauti peke yake usiiamini." Dakika akaitikia, akaenda, akafungua mlango wa ukumbi ule mwembamba, akaingia kwenye chumba chake, akafunga kwa ndani. Jua la asubuhi lilikuwa limelala juu ya meza. Akawasha taa ya spiriti, akalainisha nta, akachukua jino la kwanza.

Mateso ya mwanzo hayakuwa ya jini. Yalikuwa yake mwenyewe. Mkono wake ulikwenda mfukoni kutafuta simu isiyokuwepo, ukarudi, ukaenda tena. Mguu ulianza kuchezacheza. Alikumbuka ghafla kwamba hajawahi kujua mbu huishi siku ngapi, na akaona hawezi kuendelea na maisha bila kujua. Alitaka chai. Alitaka kuona kama kuna mawingu. Alitaka kufagia chumba, yeye ambaye hakuwahi kukifagia. Jasho lilimtiririka kwa sababu ya kukaa tu. Alilitazama jino, akalisogeza, akalitazama tena, akanong'ona, "Hapa. Hapa. Hapa." Safu ya mbele ikasimama. Ilikuwa mbaya kidogo kuliko ile ya jini, na ilikuwa yake.

Hapo ndipo simu ilipolia ndani ya droo.

Ililia mlio wake yeye, ule alioucheza miaka yote, na meza nzima ikatetemeka, na yeye alijua kwamba simu iko nyumbani, alijua hivyo kama anavyojua jina lake, lakini vidole vyake vilishafika kwenye kishikio cha droo kabla hajavikamata na kuvirudisha. Simu ikanyamaza. Getini mlinzi akapiga kelele za bao, akamwita, "Fundi, njoo uone maajabu!", na Jumapili mlinzi huwa hayupo. Kisha ukatokea mnuko wa kitu kinachoungua, nyaya au nywele, moshi mwembamba ukapita chini ya mlango ukamzunguka miguu, akakohoa, macho yakamwasha, akashika jino kwa koleo na kuliweka mahali pake huku machozi yakidondokea nta.

Halafu mkewe akalia ukumbini.

"Mume wangu! Mume wangu, mama ameanguka, toka, mama hapumui, unafanya nini humo ndani, toka!" na viganja vikagonga mlango, vikagonga mpaka bawaba zikalia, na nyuma ya kilio hicho akamsikia mama yake akikoroma kama mtu anayekata roho, akiita mwanangu, mwanangu, kwa fizi tupu, na Dakika akalia kwa sauti kama mtoto, akalia kwikwi zikamtikisa mabega, akaliweka jino, akajiambia ni sauti tu, sauti peke yake usiiamini, akachukua jino jingine, akawaza itakuwaje kama ni kweli, itakuwaje kama anapanga meno ya mtu aliyekwisha kufa, na mlango ambao aliufunga kwa ndani ukafunguka polepole nyuma yake, na nyayo zikaingia, nyepesi, zikaja mpaka alipo, na mkono ukamshika bega.

Ulikuwa mkono wa mke, mwembamba, wenye plasta ya dawa kwenye kidole kilichoumwa. Ulimshika kwa upole. Alikaribia kugeuka. Kilichomzuia ni pua. Mkono ule haukunuka chaki. Ulinuka majivu mabichi.

"Sigeuki," Dakika alisema kwa sauti iliyokwaruza. "Nina kazi."

Mkono ulikaa. Kisha ukapata joto, joto likazidi mpaka akahisi ngozi yake inababuka chini ya shati, naye akauma meno yake mwenyewe na kuendelea kupanga ya mama yake. Safu ya juu ikakamilika. Ya chini ikajaa upande wa kulia, ikaanza upande wa kushoto. Na ghafla mkono ukaondoka. Moshi ukaisha. Nje ndege wakasikika, ndege wa kawaida, na mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani kama alivyouacha.

Dakika alivuta pumzi ndefu. Yalikuwa yamebaki magego mawili ya nyuma. Alilichukua la kwanza kwa koleo, akawa anatabasamu. Ameweza! Yeye, ambaye dada wa mapokezi humcheka, ambaye mlinzi humwita mtu wa dakika. Akamwona mlinzi anavyotoa macho akisimuliwa habari hii. Angeianzia wapi? Kwenye simu ndani ya droo, au kwenye mkono? Kwenye mkono. Angewaonyesha bega. Angelipiga picha bega lile, na picha hiyo watu wangeisambaza, na wangemwuliza, fundi uliwezaje, naye angewaambia jambo dogo tu, kwamba...

Koleo lilikuwa tupu.

Alilitazama. Akatazama taya. Gego lilikuwa limekwishakaa mahali pake, chini, upande wa kushoto, limenyooka, zuri. Bila shaka alikuwa ameliweka yeye. Nani mwingine? Aliinama akaligusa. Nta iliyolizunguka ilikuwa na joto, lakini nta ni lazima iwe na joto, si ameipitisha motoni sasa hivi? Alitaka kulitoa na kulipanga upya. Shingo ilimuuma, bega lilimwaka, jua lilikuwa limeshahama kutoka mezani kwenda ukutani, na mama yake alikuwa akisubiri.

Nitaliangalia baadaye, alisema moyoni.

Akachukua gego la mwisho, akaliweka kwa uangalifu wote alionao, akapuliza taa.

Jioni ile, plastiki ikiwa imeshachemshwa na kusuguliwa, Mama Kauli aliyavaa meno yake, wakakaa wakimtazama, mkwe ameshika sufuria tayari. Mama alisema, "Chumvi imezidi." Alitafuna, akameza, na kinywa kikatulia kama kinywa cha mtu yeyote. Sufuria ikarudi jikoni. Asubuhi yake alikwenda kliniki kwa miguu yake, akaketi kwenye chumba cha mwanawe, akatamka maneno yake moja moja, kila herufi mahali pake. Hakuna kilichomjibu. Harufu haikuwepo. Dada wa mapokezi aliyechungulia mlangoni aliambiwa aguse stuli. Aliigusa.

"Ni baridi," alisema, na wote wakacheka kwa furaha.

Dakika alibadilika, na hilo si la kutiwa chumvi. Simu aliiacha mapokezi kila asubuhi na kuichukua jioni. Vinywa kwenye rafu vilipungua kimoja kimoja, wenye navyo wakaja kuvichukua, wengine wakiwa wameshasahau kwamba waliviagiza. Watu wakaanza tena kugonga mlango wa Mama Kauli, na yeye akawapokea, akawasomea, wakatoka wametulia. Wachache walirudi baada ya siku kadhaa wakisema hawalali, hawawezi kumaliza kitu, wakianza hili wanakimbilia lile. Akawasomea tena.

Jioni moja Dakika alikuwa sakafuni sebuleni na bisibisi mkononi, anaitengeneza ile feni ya kliniki, hatimaye. Mkewe alikuwa chumbani akisahihisha kazi za watoto. Mama yake alikuwa amekaa karibu na dirisha, kama zamani.

"Mwanangu," mama alisema, "hili gego la nyuma."

"Lina nini, mama?"

"La chini, upande huu. Mbona lina joto?"

Bisibisi ikasimama. Dakika akainua uso. "Tangu lini?"

"Tangu ulipoyaleta. Nilidhani ndivyo meno mapya yalivyo."

Aliinuka upesi, feni ikapinduka, akaenda kupiga magoti mbele ya kiti cha mama yake na kunyoosha kiganja. "Yatoe, mama. Nipe. Nalitoa sasa hivi, hapahapa, sasa hivi."

Mama Kauli aliinua mkono kuelekea mdomoni. Mkono ulifika nusu ya njia ukatetemeka, kisha ukafunguka, na kiganja kikaziba mdomo, kama siku zile alipokuwa akiwarudisha watu mlangoni. Juu ya kiganja macho yake yalijaa machozi, yalimtazama mwanawe, yanaomba. Na nyuma ya kiganja ikatoka sauti yake, ya upole, iliyonyooka, kila herufi mahali pake.

"Kaa, mwanangu. Utaliangalia baadaye."

Maneno hayo Dakika aliyasema moyoni tu; hakuwahi kumwambia mtu yeyote.